Kikohozi cha Ampli ya Baba

Waliotengeneza pedali yangu ya gita ni watu wema sana. Hawanijui, sijawahi kuwalalamikia, wala hawajui Kasongo ninakoishi iko upande gani wa dunia, lakini asubuhi moja waliamka wakaona kwamba sauti yangu haitoshi kuwa ya kweli, wakanitumia ya kweli zaidi. Habari ilifika kwenye simu kwa Kifaransa safi: mizajuru mpya iko tayari, bonyeza hapa, sauti zako zote zitakuwa halisi kuliko zamani. Kwa asiyejua, mizajuru ni ile dawa ambayo simu na mashini hunyweshwa mara kwa mara ili zisahau jinsi zilivyokuwa zikifanya kazi vizuri. Nami nikabonyeza. Mtu akikuletea ukweli hadi mlangoni, tena wa bure, utamfukuza vipi?

Pedali yenyewe ni kisanduku cha chuma kinacholala chini, unakikanyaga kwa mguu. Kazi yake ni kuiga. Gita unaichomeka upande huu, upande wa pili unatoa waya kwenda kwenye bafle, spika za sherehe, na kisanduku kinajifanya ampli unayoitaka: ampli kubwa ya Ulaya, ampli ya kizamani ya Amerika, ampli ya studio ambayo sitaiona kwa macho mpaka naingia kaburini. Humo ndani zimo nyingi, zimepangwa kama mitumba. Mimi nilikuwa natumia moja tu, na hiyo haikutoka kiwandani. Nilikuwa nimeiingiza mwenyewe. Ilikuwa ampli ya baba.

Baba alipiga gita ya solo katika harusi za Kabambare tangu ujana wake. Ampli yake ilikuwa na bafle iliyochanika kabla sijazaliwa, na ilikula umeme wa kigrupu, kijenereta cha petroli ambacho chenyewe kilikuwa kinapumua kwa taabu. Kwa hiyo alipopiga noti ya chini, ampli ilikohoa. Sisemi ilipiga kelele, nasema ilikohoa: noti ilitoka, ikakwaruza kooni kidogo, ndipo ikanyooka. Mtu aliyekuwa mbali shambani, akisikia kile kikohozi, alijua nani anapiga, akaacha jembe akaenda kunawa. Ile pedali ina uwezo wa kusikiliza ampli ya kweli kwa mikrofoni na kuinakili, kama fotokopi. Baba akiwa bado hai nilimwekea mikrofoni mbele ya bafle, akapiga, mashini ikasikiliza, na nilipoipiga mimi ikakohoa sawasawa. Baba alitazama kisanduku, akasema, "Mpaka hiyo nayo umeibeba?" Nikadhani ananisifu.

Kisha baba akafariki. Ampli haikukawia kumfuata. Tuliipeleka kwenye sherehe moja ya wafanyabiashara wa dhahabu kule Salamabila, watu wenye grupu kubwa, jipya, linalotoa umeme ulionyooka. Chombo kilichoishi miaka yote kwa umeme wa kuombaomba, siku kilipopewa umeme kamili kikatoa moshi, kikanyamaza. Huku kwetu unaweza kufa kwa kupewa haki yako. Basi ile sauti ikabaki mahali pamoja tu chini ya jua, ndani ya pedali yangu, na ndiyo pedali niliyoinywesha dawa.

Mizajuru ilipokwisha, nilichomeka gita nikapiga noti ya chini. Ikatoka safi. Nikapiga tena, nikaongeza nguvu, nikaikanyaga hata mashini yenyewe kwa hasira. Safi. Sauti ilikuwa pana, laini, imeoga, imechana nywele, imevaa suti ya kwenda kupigwa picha ya kadi ya kupigia kura. Jina kwenye kioo bado lilikuwa lilelile nililoandika, PAPA, lakini aliyekuwa ndani sikumjua. Chini yake kulikuwa na maneno madogo yakieleza kwamba sauti za zamani zimesahihishwa kwa mfumo mpya na kwamba kasoro zimeondolewa. Yaani walimpima baba yangu, wakakuta ana hitilafu, wakamtibu. Na asante walikuwa wananingojea mimi niseme.

Kwa kawaida ningetukana wiki moja halafu ningezoea. Shida ni kwamba dada yangu, kitindamimba wetu, alikuwa anaolewa. Baba alikuwa na desturi aliyoitunga mwenyewe na ambayo ukoo mzima uliishia kuiheshimu: siku ya kumtoa binti nyumbani, wanawake wakiisha kuimba, yeye hupiga gita peke yake mbele ya mlango, hasemi neno, anapiga mpaka binti atoke. Dada zangu wakubwa wote walitoka hivyo. Huyu wa mwisho baba hakuweza kumngojea. Dada alinipigia simu toka Kabambare akaniambia mimi kaka yake, kwa sauti ya mtu anayetangaza saa za misa, "Yaya, miye siendi kutoka mu nyumba kama sijamusikia Papa. Unasikia? Nitakaa."

Mumjue dada yangu. Yeye hatishi watu, anawapa taarifa. Akisema atakaa, anakaa, na bwana harusi na moto zake zote, pikipiki zilizopambwa maua, watarudi kwao Salamabila bila mzigo. Nami nilikuwa nimeshamjibu, kifua mbele, "Usiwe na wasiwasi, mama, Papa niko naye kwenye sakoshi." Hayo niliyasema kabla ya kubonyeza.

Nikaomba msaada. Kuna kundi la wapiga gita kwenye simu, watu wa nchi mbalimbali, wote wanamiliki pedali kama yangu na wote wana muda. Nilieleza shida yangu kwa Kifaransa changu cha shule: mizajuru imeondoa mkwaruzo, naomba namna ya kuurudisha. Wa kwanza alinipongeza kwa sauti nzuri. Wa pili aliniuliza kama nina hakika ile ampli ya asili haikuwa mbovu. Wa tatu alinishauri ninunue waya bora. Mtu anakuambia baba yake amepotea, unamshauri abadilishe viatu. Ni wa mwisho tu, anayeishi mahali penye theluji kwa mujibu wa picha yake, aliyeniambia nifungue ukurasa fulani uliojificha nyuma ya kurasa nyingine, nikatafute humo kifungo cha umeme.

Nilikwenda, nikakikuta. Jamani, nilicheka peke yangu mpaka mama mwenye nyumba akaja kuchungulia. Hawa mabwana, wanaoishi kwenye nchi ambazo taa haizimiki hata mtu akiomba, wamekaa mezani, wamesoma, wametumia akili na mishahara, wametengeneza kifungo cha kuiga umeme dhaifu. Ukikishusha, mashini inajifanya imeunganishwa kwenye umeme usiotosha, na sauti inalegea kidogo, inakuwa tamu. Pembeni yake kuna kifungo kingine cha kuzeesha bafle. Kwa hiyo huko kwao umaskini wa umeme ni kitu cha fahari, unauziwa kwenye kisanduku. Sisi tunao mtaani, tunaupata mchana na jioni, na hakuna aliyewahi kutuambia ni mali.

Nikafunga safari ya Kabambare na pedali ndani ya mkoba, ile sakoshi, nikitegemea kwamba vifungo viwili vitanirudishia mzazi. Barabara ile wanaoijua wanaijua, wasioijua washukuru. Mahali pengi moto inasukumwa, mahali pengine inabebwa, na mara chache inatubeba sisi. Kila tulipoteleza nilikumbatia sakoshi nikamwachia Mungu miguu. Motari, mwenye pikipiki, aliangalia mara kadhaa, akashindwa kuvumilia. "Iko nini mu hiyo sakoshi, mukubwa? Dhahabu?" Nilikuwa nimechoka, nikamjibu, "Iko baba yangu." Toka hapo aliendesha polepole, kwa adabu, na tulipofika alivua kofia.

Nyumbani walikuwa wamejaa. Mama alinipokea, akanipa maji, akarudi kukaa kwenye kibao chake karibu na jiko. Tangu baba afariki mama amepunguza maneno, anasema linalohitajika tu. Shangazi, dada yake baba, hakupunguza lolote, na maneno ambayo mama hayatumii anayatumia yeye. Nilichomeka gita kwenye bafle za kukodi, nikapiga ile sauti kama mizajuru ilivyoiacha, ili wasikie ukubwa wa shida. Shangazi akasema, "Hii iko redio?" Dada, aliyekuwa ndani anasukwa nywele, akapaza sauti dirishani, "Yaya, na Papa iko wapi?" Mama alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, akasikiliza, kisha akaniambia taratibu, "Acha, baba."

Nikaacha. Mama mjane, nyumba imejaa wageni, sufuria ziko motoni, na mwanawe anamletea kelele za mtambo. Nani asingemwambia aache? Nikazima, nikahamisha vyombo nyuma ya nyumba karibu na banda la mbuzi, niendelee na kazi yangu bila kumsumbua.

Siku zilizofuata nilizitumia kumharibu baba. Nilishusha umeme, nikazeesha bafle, nikazeesha zaidi. Kuchafua kitu safi ni kazi, nakuambia, wanaodhani uchafu unakuja wenyewe hawajajaribu. Nikishusha umeme kidogo, noti inalegea lakini haikohoi. Nikishusha sana, inakufa. Nikizeesha bafle inakwaruza, lakini inakwaruza mfululizo, kama mtu anayeparura sufuria, wakati baba alikwaruza mwanzo wa noti tu, kisha akanyooka. Shangazi alikaa karibu akimenya muhogo na kunipa matokeo ambayo sikuyaomba. "Hapana, hiyo ni chura." Baadaye, "Hiyo ni mutu anapiga chafya." Mbuzi walikuwa wananitazama bila maoni, ndio waliokuwa na heshima kuliko wote. Na dada, kila baada ya muda, toka dirishani: "Bado. Papa alikuwa anakohoa. Huyo anakoroma."

Mama alikuwa anapita na ndoo yake, anasimama kidogo, anaendelea na safari. Nilimwonea huruma, nikapunguza sauti.

Kesho yake nikajaribu jambo ambalo mtu wa theluji hakunifundisha: niliziba nusu ya nyuzi kwa kiganja, kama baba alivyokuwa akifanya, na kifungo cha umeme nikakiacha katikati, si chini si juu. Nikapiga noti ya chini. Ikatoka, ikakwama kooni, ikakohoa, ikanyooka. Shangazi aliacha kumenya. Nilipiga tena, na tena, nikasikia kilio kidogo kwa dirisha la dada, cha mtu aliyeziba mdomo kwa kitambaa. Nami nililia kidogo huko nyuma kwa mbuzi. Sioni aibu kusema, nilimkosa baba kwa namna ambayo sikuwa nimemkosa hata siku ya maziko, kwa sababu siku ya maziko kulikuwa na wageni wa kupokea.

Nikabonyeza pahali pa kuhifadhi. Na hapo mizajuru ikanionyesha faida yake nyingine. Zamani ukihifadhi, imehifadhiwa, basi. Siku hizi sauti yako inabidi kwanza isafiri kwenda kuhifadhiwa kwao huko, na kioo kikaandika: itakamilika utakapopata koneksio. Rezo ya simu ya Kabambare siku ile ilikuwa haitoshi hata kutuma salamu. Lakini sauti ilikuwepo, nilikuwa naisikia, nikayachukua yale maneno kuwa ni heshima tu, kama mgeni anapokuambia atarudi kukuona.

Siku ya kumtoa bibi harusi ikafika. Moto za upande wa bwana harusi zilipangwa njiani, wanaume wakakaa kwenye viti vya plastiki, wanawake wakaimba zao zote. Dada alikuwa ndani, mlango umefungwa kwa komeo. Shangazi akainua mkono, kuimba kukakoma. Watu wote wa Kabambare wanaijua desturi ya baba, na walikuwa wamekuja kuona kama mwanawe anaiweza. Nikakanyaga pedali. PAPA. Nikaweka kiganja kwenye nyuzi.

Wakati huohuo, mtu fulani mwenye hekima alichomeka kongelateri, friji kubwa ya bia, kwenye grupu letu. Grupu likaguna, umeme ukashuka. Umeme dhaifu wa kweli, ule wa bure, ule wanaouza huko kwao. Na pedali yangu yenye kifungo maalumu cha kuiga umeme dhaifu, ilipokutana na wenyewe uso kwa uso, ikazimika.

Kongelateri ikachomolewa. Pedali ikawaka tena, ikazunguka, ikafikiri, ikanikaribisha kwa Kifaransa. Nikapiga noti ya chini. Ikatoka safi, pana, imeoga na kuchana nywele. Kazi yangu yote ya kule kwenye banda ilikuwa bado inangoja koneksio.

Ningefanya nini? Watu walikuwa wananitazama. Niliendelea kupiga ule wimbo wa baba na ile sauti ya suti, jasho linanitoka, mguu mmoja unabonyeza vifungo ovyo. Mlango haukufunguka. Nikafika mwisho wa wimbo, nikaanza upya. Toka ndani sauti ya dada ikaja, haina hasira, ina uchovu tu: "Yaya, huyo si Papa." Baba wa bwana harusi akakohoa, pengine kwa kunisaidia. Nilitamani kukitupa kile kisanduku ndani ya mto Lualaba, kama Lualaba ungekuwa karibu.

Hapo mama akainuka kwenye kiti chake. Alinipita bila kunitazama, akaenda akasimama mlangoni, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Mama," akamwambia binti yake, "ni yeye."

"Si yeye. Papa alikuwa anakohoa."

"Ile kukohoa ilikuwa ugonjwa ya ampli," mama akasema. Sijamsikia akisema maneno mengi vile tangu maziko, wala kabla yake. "Nyinyi munaipenda juu mulizaliwa mukaikuta. Baba yenu aliichukia. Kila akitoka mu sherehe, mbele ya kula, anafungua ile ampli. Anapaka bafle uji ya muhogo, anabandika karatasi, anaacha ikauke, anapiga kidogo. Halafu ananiangalia, anasema, bado inakataa. Miaka yote, inakataa. Sauti yenyewe alikuwa nayo mu kichwa. Alikuwa ananiimbia kwa mudomo, nijue anatafuta nini. Miye naijua."

Kisha akanigeukia, mkono bado uko juu ya mlango. "Weye nilikuambia siku ya kwanza: acha. Acha vilevile. Ukaenda ukaiharibu."

Vidole vyangu vilikuwa vinaendelea kupiga vyenyewe. Siku zote zile nilikuwa nakaa na mbuzi, namrudishia baba ugonjwa wake kwa bidii, na mama anapita na ndoo anasikia. Niliondoa mguu kwenye vifungo.

"Toka, mama," mama akasema. "Leo imekubali."

Komeo lilisogea. Dada alisimama kwenye mwanga na nguo yake nyeupe, poda imelowa machozi, kichwa kimeinama upande wa bafle. Alisikiliza wimbo mzima, tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna mtu aliyemharakisha.

"Alikuwa anataka hivi?" akauliza.

"Hivi hivi," mama akasema, akamshika mkono, wakatoka.